Pua ya Farasi

"Dakika kumi na mbili," redio ilisema. "Baada ya hapo anapanda ndege."

Bubu alibofya redio mara moja, ishara kwamba amesikia. Hawakumpa jina hilo bure.

Mbele yake, kwenye meza ya ofisi ya forodha, palikuwa na sanduku lenye beji thelathini na moja za kofia za askari wa farasi, kila moja na kichwa cha farasi. Mwenye sanduku, jasusi aliyejifanya muuza vitu vya kale, alikuwa chumba cha pili akinyweshwa chai na kuulizwa maswali ya kijinga. Karatasi zake za kibalozi hazikuwa na doa. Bila ushahidi, wangemwachia.

Ndani ya beji moja ya bandia mlifichwa orodha ya wapelelezi waliopenyezwa kwa adui. Jina la tatu lilikuwa la dada yake Bubu.

Alijua anapaswa kuogopa. Hakuogopa. Tangu wamzike mwenzake wa kazi wiki iliyopita, moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Eksirei haikuona kitu. Alitoa Nokia yake, akampigia shangazi yake, mtunza beji wa makumbusho kwa miaka thelathini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo jua limechomoza magharibi! Dada yako hajambo?"

"Kazi kwanza. Nina beji za farasi hapa. Moja imetengenezwa juzi."

"Geuza. Nyuma zina vipete viwili vya kushikizia au ulimi wa kuchomeka?"

"Vipete. Zote."

"Basi walioighushi wanaijua kazi. Ulimi ulikuja baadaye. Pua ya farasi je?"

Alipitisha kidole gumba. "Imelika. Zote."

"Mh!"

"Dakika nne," redio ilisema.

"Sikiliza, mwanangu. Askari alisugua beji kila asubuhi kwa kuwa ofisa alikagua. Ofisa anakagua wapi?"

"Mbele."

"Sasa nyuma asugue nani? Askari mvivu kama wewe! Nyuma huwa peusi, pamejaa uchafu wa miaka."

Bubu alizipindua. Peusi. Peusi. Peusi.

Ya kumi na tisa iling'aa pande zote mbili.

Alichomeka ncha ya kisu. Shaba ikafunguka, kikadondoka kijikadi cha kumbukumbu, kidogo kama punje ya mchele.

Mlango ukapigwa teke. Muuza vitu vya kale alikuwa amempokonya mlinzi bastola.

Glock ya Bubu ilitangulia. Risasi moja, begani. Walinzi wakamrukia na pingu.

"Umeijuaje?" jamaa aliguna sakafuni.

"Mmesugua nyuma."

Alitafuta furaha kifuani, hakuiona. Shangazi bado alikuwa kwenye simu, akifoka.

"Nini hicho kimelia?"

"Mlango. Shangazi, uliniuliza habari za dada."

"Eh?"

"Hajambo."

"Kwani alikuwa na nini?"

Alikata simu. Akaitia mfukoni, akatoka nje juani, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika popote.