Uongo Niliomwambia Bimdogo

Kila siku baada ya sala ya alasiri tulikaa ukumbini kwa bibi yangu, mtaa wa Kibokoni, tukishona kofia. Tulikuwa wasichana watatu: mimi na rafiki zangu, Sheikha na Bimdogo. Bibi alichora kitambaa, sisi tukatoboa vijitundu kwa sindano nene na kuvizungushia uzi. Sheikha alikuwa na mkono mwepesi kuliko sote.

Ulikuwa mwaka wa 1943, wakati wa vita. Jumanne moja Bimdogo alimshika Sheikha nywele akasema, "Wee, nywele zote hizi! Kichwa hakikuelemei?" Tukacheka. Alhamisi Sheikha akashikwa na homa. Jumatatu akazikwa.

Sikulia. Watu walikuja matangani, wakasoma khitma, wakanywa kahawa, nami nikawatazama kama wapita njia. Kisha nikarudi kushona. Mahali pa Sheikha kwenye mkeka palikuwa patupu, na Bimdogo akawa anasogea kidogo kidogo mpaka akapakalia.

Hapo nikakumbuka. Bimdogo alizisifu nywele za Sheikha na hakusema "Mashallah." Kwetu, hata mtoto mchanga akisifiwa bila ya neno hilo, mama yake huogopa kijicho, jicho la husuda ambalo watu husema laweza hata kuua. Basi nikaamua kwamba Bimdogo ndiye aliyemuua. Nilitaka naye apate.

Ijumaa, tulipobaki wawili, nilimwambia, "Nimempelekea Maalim Abdulghafur jina lako. Anakusomea Halbadiri."

Halbadiri ni kisomo ambacho watu wazima huenda kusomesha kwa maalim kama huyo ili aliyewadhulumu apatwe na balaa. Bimdogo aliangusha sindano.

"Mwanabaraka, mimi nimefanya nini?"

"Wajua mwenyewe. Hufiki Ijumaa ijayo."

Nikaanza kumchungulia dirishani. Jumamosi alikula mabuyu barazani kwao. Jumapili aliruka kamba. Jumatatu aligombana na muuza maji. Nilingoja, wala sikujua nangoja nini hasa.

Jumatano hakuja kushona.

"Ana homa," alisema bibi. "Kama ile ya marehemu."

Nilidhani nitafurahi. Sikuona furaha wala huzuni.

Asubuhi ya Alhamisi mama yake Bimdogo alisimama mlangoni kwetu, macho mekundu.

"Mpeleke hospitali," bibi alimwambia.

"Hospitali itamfaa nini? Mwanangu kasomewa Halbadiri! Dawa ya chupa itaitoa? Maalim mwenyewe kasafiri, yuko Lamu. Namngoja arudi aifungue."

"Nani kamsomesha?"

"Hataki kumtaja. Nimembembeleza, nimemkaripia, hataki."

Niliweka kofia chini. Maalim angerudi baada ya siku ngapi? Sheikha alilala siku nne tu.

"Ni mimi," nikasema. "Lakini hakusomewa kitu. Nilifika mlangoni kwa Maalim, nikaona viatu vingi nje, nikaogopa kuingia, nikarudi. Nilimdanganya Bimdogo ili aumie."

Nilingoja kofi. Halikuja.

"Apa," akasema mama yake.

"Wallahi, hakusomewa."

Akatoka mbio, buibui likimburuzika nyuma. Mchana ule ule Bimdogo alifikishwa hospitali. Ilikuwa malaria. Alipewa kwinini, na daktari akamwambia mama yake kwamba amemwahi.

Aliporudi nyumbani, amekonda, shingo kama ya jogoo, nilikwenda kumwomba radhi. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Ungepigwa," akasema. "Nawe siku hizi hulii. Unatisha."

Jioni bibi aliniita ukumbini. Hakupandisha sauti.

"Sheikha alikufa kwa homa, mjukuu wangu, na huenda ni malaria hiyo hiyo. Wewe ulitaka mtu wa kumlaumu, kwa kuwa kumchukia mtu ni rahisi kuliko kumkosa. Basi ukasema uongo, na uongo huo ulikaribia kumzuia mtoto wa watu asipate dawa. Homa ikiingia nyumbani, mgonjwa apelekwe hospitali, dua tumwombee njiani. Na ukifiwa, sema umefiwa. Usitafute wa kumuumiza."

Nikautazama mkeka, mahali alipokuwa akikaa Sheikha.

"Nimefiwa, bibi," nikasema. Tangu Sheikha azikwe, ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo.