Kitambaa cha Kishikwambi

Kishikwambi kilizimika wakati vumbi limeshaifunika dunia yote, mbele, nyuma na chini, na rubani akajua papo hapo kosa lilikuwa nini. Lilikuwa kosa la adabu.

"Mama, kimezimika," alisema.

"Kimezimikaje? Si ulikichaji?"

"Chaji ipo tele. Kimepata joto."

Mama mkwe wake, aliyeketi kiti cha pembeni, alikiinamia kile chombo kilichofungwa pajani kwa rubani. Kioo kilikuwa cheusi, na katikati palikuwa na alama nyekundu ya kipimajoto. Ramani yote, na ndege yao ndogo iliyokuwa ikitambaa juu yake, vilikuwa vimetoweka. Na kukizunguka kile kishikwambi, kimekibana kama soksi, palikuwa na kitambaa kinene cha rangi ya chungwa alichokifuma yeye mwenyewe, mama mkwe.

Mama huyu na vumbi hawakuwa na urafiki. Nyumbani kwake redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa, na rimoti nayo imevishwa nailoni. Asubuhi ile, alipomkabidhi mkwewe zawadi pale uwanjani, ilikuwa mara ya kwanza kumpa kitu tangu aolewe na mwanawe. Miaka yote hiyo alikuwa akisema mwanamke anayerusha ndege angeolewa na upepo tu, wangeelewana. Haya, ungekuwa wewe ungeirudisha zawadi hiyo? Rubani alijua fika kwamba chombo kile kikikaa juani hakitaki hata shuka. Akatabasamu, akasema, "Ahsante, Mama, kimependeza," akakivika.

Dira ilikuwepo, lakini dira haina habari na upepo unaoisukuma ndege ubavuni. Ramani ya karatasi ilikuwa ofisini, imebandikwa ukutani, inapendezesha chumba. Walitafuta uwanja mle vumbini mpaka mshale wa mafuta ukalala. Vumbi lilipopasuka kidogo, chini waliona weupe mtupu: uwanda wa chumvi, hauna mti, hauna njia.

"Kaza mkanda, Mama. Inama, shika magoti."

Magurudumu yaligusa, yakakimbia vizuri kabisa, na rubani akaanza kushusha pumzi. Hapo ndipo ganda la chumvi lilipovunjika. Gurudumu la mbele likadidimia, mkia ukanyanyuka, panga la ndege likajikunja kwa kishindo, kisha pakawa kimya.

Chuma cha chini ya dashibodi kilikuwa kimempasua rubani paja. Mama mkwe alimvuta kwa makwapa, akihema, akamlaza kivulini chini ya bawa. Akavua kilemba chake, akauzungushia mguu.

"Kaza, Mama. Zaidi."

"Nitakuumiza."

"Niumize."

Akakaza kwa nguvu zake zote. Damu ilipungua, lakini haikukoma. Kilemba kiliendelea kulowa polepole. Maji waliyokuwa nayo ni chupa moja, tena si kubwa.

"Sikiliza," rubani alisema, midomo imeshamkauka. "Redio inafanya kazi, ila huku chini haifiki mbali. Rubani mwenzangu, Masharubu, hupita juu hapa kila alasiri, anapeleka magazeti na chanjo. Atatusikia. Atauliza tuko wapi, na nitamwambia nini? Tuko kwenye chumvi? Chumvi hii kwa gari huimalizi kwa siku."

"Na hilo sinia lako la kioo linajua tulipo?"

"Linajua. Halihitaji mtandao, linapata namba za mahali kutoka angani. Likiwaka tu."

"Lisipowaka?"

Rubani alitazama mguu wake. Mama naye akautazama. Mguu ule haukuwa wa kungoja kesho.

Walikivua kishikwambi nguo yake, wakakiweka kivulini, lakini hata kivulini hewa ilikuwa ya mdomo wa tanuri. Alama nyekundu haikubanduka. Ndipo mama mkwe akaifungua ile chupa na kuanza kukimiminia maji kitambaa.

"Mama! Hayo ni ya kunywa!"

"Mumeo alipokuwa mchanga hatukuwa na friji. Maziwa yake nilikuwa nayapoza hivihivi, kitambaa kibichi na upepo. Na mbona alikua? Limekuwa hilo jitu unalolipikia."

Alikikamua kidogo, akakibandika mgongoni mwa kishikwambi, kisha akasimama ukingoni mwa kivuli akikiinua upepo ukipate. Hakuishusha mikono. Maji yaliyobaki alimnywesha rubani.

"Na wewe je?"

"Nimeshakunywa."

Uongo mtupu, na rubani alikuwa amemwona. Machozi yakamtoka.

Muungurumo ulisikika ukiwa mdogo kama wa nzi.

"Huyo!" rubani alisema. "Panda, Mama! Vaa yale ya masikioni, bonyeza kitufe kwenye usukani, useme!"

Mama akapanda, kishikwambi kwapani.

"Masharubu! We Masharubu, mwanangu!"

"Nani mwenzangu?"

"Mama mkwe!"

"Mama mkwe wa nani?"

"Wa rubani! Tumeanguka kwenye chumvi, anatoka damu, usituache!"

"Siwaachi, mama. Mko wapi? Nipe namba."

Alibonyeza kile chombo. Bado kipimajoto. Akakipuliza kama uji wa mtoto, akabonyeza tena, na tazama, kioo kikang'aa.

"Kinataka namba ya siri!"

"Siku ya harusi yetu!" rubani alijibu kwa sauti iliyokwisha, kisha moyo ukamshuka. Siku ile mama mkwe alikuja kwa kuchelewa, akaondoka kabla ya keki. Atajua wapi? Alijikusanya aitaje tarehe.

Hakuhitaji. Mama alikuwa ameshaiandika.

Alizisoma namba moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma bahati nasibu, na Masharubu akazirudia zote. Punde ndege yake ikaja ikawazunguka, ikainamisha bawa upande mmoja kuwasalimu. Helikopta ilifika jua likiwa bado juu.

Hospitalini rubani alizinduka akiwa na dripu mkononi na mguu umeshonwa. Mama mkwe alikuwa kando ya kitanda, na kishikwambi juu ya kabati, uchi kabisa.

"Ulijua kitambaa kitakiharibu?" mama aliuliza.

"Nilijua, Mama. Nilikuonea haya."

"Haya ndiyo nusura ituzike." Akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akaanza kulia bila kujificha. "Ahsante kwa kutushusha. Ahsante, mwanangu. Ila kuanzia leo, kitu changu kisipokufaa, niambie. Hata kama nitanuna. Nikinuna nitanunua."

"Ahsante kwa maji, Mama."

"Maji gani? Nilikwambia nilikunywa."

Wakacheka mpaka nesi akachungulia. Mama akajifuta uso, akafungua chupa ya chai aliyotoka nayo nyumbani, akammiminia kikombe. Rubani akaonja, akameza kwa taabu, akatabasamu kama siku zote. Kisha akakiweka kikombe chini.

"Mama, chai yako ina sukari nyingi mno. Tangu siku ya kwanza."

Mama mkwe akakichukua kikombe, akaimwaga ile chai kwenye sinki, na kwenda kuomba maji ya moto.