Digrii Tuliyoificha

Ndugu zangu mnaosomesha watoto, nipeni sikio niwaeleze yaliyoikuta nyumba iliyonilea. Mimi darasa la saba ndilo langu la mwisho, sisemi kama mtaalamu. Nasimulia niliyoyaona kwa macho haya.

Ilikuwa nyumba ya amani. Baba mkubwa alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na mtaa mzima ulimwita Bwana Unga kwa sababu nyusi zake zilikuwa nyeupe kutwa. Mimi nilipokea magunia na kufagia pumba. Binti yake, tuliyemwita Sista, alikuwa muuguzi wa cheti katika hospitali kubwa. Jumamosi moja alikuwa ametoka zamu, amekaa juu ya gunia, miguu kaitia kwenye beseni la maji ya moto.

"Miguu imekuwa ya tembo hiyo," mama mkubwa akamtania. "Mchumba akiiona atakimbia."

"Akikimbia simfukuzi, Mama. Nitamfukuza kwa miguu ipi?"

Tulikuwa bado tunacheka Bwana Unga alipozima mashine. Ikizimwa na foleni bado ipo, ujue kuna neno.

"Unaacha kazi," alimwambia bintiye. "Unakwenda kusomea digrii ya uuguzi. Chuo nimeshapata. Mwenye cheti anatumwa, mwenye digrii anatuma, na mshahara ni mara mbili. Mashine nitaiuza. Ukishaanza kazi tutanunua nyingine, mpya kabisa."

Sista akatoa miguu majini. "Baba, ngoja kwanza nimuulize metroni. Ndiye mkuu wetu, mambo haya anayajua."

"Umuulize ili akuwekee kizingiti? Husuda haichagui mahali. Hata hospitali imo."

"Jambo la heri halianikwi kama nguo," mama mkubwa akaunga mkono.

Basi ikaandikwa barua ya kuacha kazi, kwamba mama ni mgonjwa na hana wa kumuuguza. Mama mwenyewe saa hiyo alikuwa uani anapasua kuni.

Wiki haikuisha, metroni akaja kumjulia hali mgonjwa, mkononi mfuko wa machungwa. Mimi ndiye niliyemwona akikata kona. Nilikimbilia uani, mama mkubwa akatupa shoka, akajitosa kitandani na shuka hadi kidevuni, jasho linamtiririka. Metroni akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akatikisa kichwa.

"Pole, dada. Moyo unakwenda mbio kweli. Nilikuwa na mpango na binti yako, lakini mama ni mmoja. Acha akuuguze."

Mama mkubwa akaguna tu. Hakuna aliyeuliza ni mpango gani. Mgonjwa wa uongo ataulizaje?

Mashine ilipokuwa iking'olewa sakafuni na kupakiwa kwenye lori, Bwana Unga alikuwa akipiga mluzi. Ada ya kwanza ikaila yote. Iliyofuata ikala kiwanja tulichokuwa nacho. Kabla Sista hajamaliza, baba yake alikuwa akibeba mizigo ya watu sokoni, na unga ulipotoka kwenye nyusi zake tulikuta chini yake mvi za kweli.

Sista alifaulu, tena vizuri. Siku aliyokwenda kuomba kazi hospitali ileile, nilimsindikiza. Metroni akasoma vyeti, akavua miwani.

"Kumbe ulikwenda kusoma?"

"Ndiyo, Metroni."

"Na mama?"

Sista akainamisha kichwa.

Metroni akaviweka vyeti mezani, akasema polepole, "Mwanangu, mpango wangu ulikuwa huohuo. Hospitali ingekupeleka kusomea digrii hii, ada juu yake, mshahara wako ukiendelea, na ukirudi nafasi inakungoja. Ulipoondoka nilimpeleka mwenzako. Leo ndiye msimamizi wa wodi yako ya zamani. Nafasi iliyobaki ni ya cheti, na hapa mtu analipwa kwa nafasi aliyoshika, si kwa karatasi aliyonayo. Ukiitaka, njoo Jumatatu."

Ndugu zangu, mali yote ya nyumba ile ilikuwa imeuzwa kununua kitu ambacho tungepewa bure.

Sista hakulia. Aliuliza tu, "Mshahara ni uleule?"

"Uleule."

Jioni Bwana Unga alisikiliza habari hiyo akiwa amesimama, mdomo wazi. Mwisho akasema, "Kwa hiyo siku ile ningemwacha aulize..." Hakuimaliza. Mkewe aliinuka akaenda uani, na hakuna aliyemfuata.

Jumatatu Sista alivaa sare akaenda. Anapangiwa zamu na yule aliyepelekwa badala yake, na anamwitikia kwa adabu. Baba yake bado yuko sokoni, anabeba.

FUNZO

Digrii ya uuguzi ni kitu kizuri, wala sisemi mtu asisome. Ila kabla hujauza kinachokulisha, uliza: ni gharama kiasi gani, nani mwingine anaweza kuilipa, na pale unapotaka kufanya kazi watakulipa nini ukimaliza. Waulize wanaojua, hata kama unaogopa kijicho chao. Mwenye kijicho anaweza kukuchelewesha. Sisi tulijifilisi wenyewe, na hatukuwa na adui hata mmoja.