Sauti ya Jikoni

Jikoni kulinuka moshi wa kuni mbichi, na nyumba ile ya Butali haikuwa na kuni. Walipikia gesi. Jairus alifungua dirisha bila kuuliza, maana alijua jibu: mama yake alikuwa amekuja tena kutoka Navakholo, akaondoka kabla yeye hajatoka kiwandani.

"Na leo amesemaje?"

"Nisiende kliniki," Pascalia, mkewe, alisema. "Mimba ya miezi saba haipelekwi mbele za watu. Ni uchovu tu."

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Kiuno kilimuuma mkewe, kikaacha, kikauma tena. Tumbo likawa gumu, likalegea. Na kila Jairus alipomsihi wakapimwe, aliambiwa mama amezaa saba bila kupimwa. Alichoka kubishana na mtu asiyemkuta. Simu hakumpigia, kwa kuwa alijua angemkosea adabu.

Jumamosi, mvua ya alasiri ikipiga mabati, Pascalia aliinuka kitini na maji yakamtiririka miguuni.

"Twende hospitali," Jairus alisema.

Sauti ya mama yake ikajibu kutoka jikoni, taratibu: "Mwache alale, baba. Ni uchovu tu."

Alikwenda jikoni kwa hasira. Mwanamke aliyevaa kitenge cha mama yake alikuwa ameinama juu ya jiko lililozimwa, kampa mgongo. Hapo simu ikalia mfukoni.

"Jairus, mbona hamnipigiangi?" Mama yake. Nyuma yake wachuuzi waliitana. "Ama mke wako amekukataza mama? Tangu Pasaka sijamwona. Niko sokoni Navakholo, nimemnunulia ingokho, kuku wa supu."

Jairus alinong'ona anachokiona. Mama yake naye akanong'ona.

"Usimjibu. Mchukue mke wako mtoke."

Akarudi kinyumenyume, macho yasibanduke kwenye ule mgongo ambao sasa ulianza kunyooka na kurefuka kuelekea darini, akambeba Pascalia bila viatu, akavuka ua kwenye mvua hadi kwa jirani mwenye gari, na njia yote ya Kakamega moshi ule ukawafuata ndani ya vioo vilivyofungwa.

Mtoto alizaliwa usiku huo, mwepesi kama pakiti ya unga. Edah, muuguzi, aliwaambia maumivu ya kuja na kuacha yalikuwa uchungu wa mapema. Wangekuja yalipoanza, labda ungezuiwa. Kisha akamfunga mtoto kifuani pa Jairus, ngozi kwa ngozi, apate joto, mamake akiwa amelala.

Asubuhi, Jairus akiwa wodini na mtoto, mwanamke mjamzito alilalamika kiuno kwenye benchi la nje. Moshi wa kuni mbichi ukapenya chini ya mlango.

"Rudi nyumbani, mwanangu," sauti ile ya mama yake Jairus ikasema. "Ni uchovu tu."

Jairus akamwita muuguzi. Hakuna aliyesikia. Akainuka polepole, mikono miwili juu ya mtoto, akausukuma mlango kwa bega.

Benchi lilikuwa tupu. Chini yake palikuwa na maji, na nyayo mbichi za watu wawili zikielekea langoni.