Kengele ya Vumbi

Fundi cherehani alikuwa na masikio mawili kama watu wote, lakini la kushoto lilikuwa pambo tu, na la kulia lilifanya kazi likipenda. Miaka mingi ya mashine na bunduki ilikuwa imeyachosha. Ndiyo maana binti yake wa pekee, msichana wa miaka kumi na miwili, mtaa mzima ulimwita Sikio. Kila asubuhi kabla ya shule alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi, akimpasha baba yake habari za dunia: mteja amebisha hodi, maji yanachemka, mama anauliza kama suruali ya yule dereva imekwisha. Baba aliitikia kwa kichwa na kufanya kama alivyoambiwa. Hakuwahi kumwuliza mara mbili.

Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, kila Jumamosi walipanda vilimani kutafuta kwale. Baba alibeba bunduki na kibali, Sikio alibeba maji na masikio. Mbele yao alikwenda Vumbi, mbwa mwenye rangi ya udongo mkavu, aliyevaa kengele ndogo ya shaba shingoni. Vumbi akishazama kwenye nyasi ndefu huwezi kumwona tena, maana nyasi nazo zilikuwa na rangi hiyohiyo. Kengele ndiyo iliyosema yuko wapi, na ikisikika, hakuna mwindaji aliyeelekeza mtutu wake upande huo. Hata watoto wadogo wa mtaani waliijua sheria hiyo.

Sheria nyingine ilikuwa ya Ijumaa jioni. Kinyozi alipomaliza kazi, wawindaji walikusanyika dukani kwake kupeana habari: kwale wameonekana wapi, viota viko wapi visije vikakanyagwa, nani atakwenda wapi kesho. Mtoa habari alikaa kwenye kile kiti cha kinyozi kinachozunguka, uso kwa uso na kioo. Huo ulikuwa mpango wa Bibi Nesi, muuguzi mstaafu na mkuu wa wawindaji, mwanamke mwembamba aliyewashinda wanaume wote mle ndani kwa shabaha na kwa maneno. Alisema mtu akijitazama usoni, uongo humwasha kama upupu. Tena aliyetaka kupinga hakuruhusiwa kupinga kabla ya kurudia maneno ya mwenzake, mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Ugomvi mwingi ulifia hapo, kwa sababu ukimaliza kurudia maneno ya mtu vizuri, hasira imeshapoa, na chai nayo imepoa.

Kwa kuwa fundi cherehani hakuweza kusikia maswali ya watu waliokuwa nyuma yake, habari zao zilitolewa na Sikio. Alikaa kitini miguu ikining'inia, na baba alisimama kando akitabasamu kama mtu aliyesikia yote.

Mambo yaliharibika kwa ajili ya fundi mwashi. Huyu alikuwa jirani yao na rafiki wa baba tangu ujanani. Sikio alimwita mjomba. Ijumaa moja Sikio alisema kwale wako kwenye mteremko wa mawe. Kesho yake mwashi alifika huko kabla yao, akarudi na kwale mkoba mzima, na wao wakarudi na mmoja, tena mwembamba. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Baba alicheka tu, akasema kwale si kuku wa mtu. Sikio hakucheka. Aliona kwamba wao wanapika na mwashi anapakua, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini hakulisema kwenye kiti, wala popote.

Kisha yeye na baba wakaligundua bonde la nyuma, ambako kwale walikuwa wakiitana kila kichaka. Baba alimwambia waziwazi: Ijumaa uwaambie wenzetu, na useme sisi tutakuwa huko.

Ijumaa ikafika. Sikio alipanda kitini, akajitazama kiooni na kusema, "Bonde la nyuma tumepita. Hatukuona hata unyoya."

Bibi Nesi aliuliza kesho wanakwenda wapi. Sikio akajibu kwamba baba hajaamua. Uso wake kiooni ulikuwa uleule. Haukumwasha popote, naye akashangaa jinsi uongo ulivyo mwepesi. Kando yake baba alikuwa akitabasamu.

Asubuhi ya Jumamosi, alipokuwa akimvalisha Vumbi kengele, wazo lingine likamjia. Bonde lilikuwa kimya, na kengele ingesikika hadi upande wa pili wa kilima. Mwashi akiisikia, habari imekwisha. Basi akaokota kipande cha kitambaa cha buluu chini ya cherehani, akakisokomeza ndani ya kengele mpaka ikanyamaza kabisa. Vumbi alimlamba mkono, mkia ukicheza, akidhani anafanyiwa jambo la mapenzi.

Walipofika bondeni, mbwa alitangulia, akazama nyasini. Baba alisimama na kumgeukia binti yake.

"Unasikia kengele?"

"Naisikia, baba."

Hawakuwa wamekwenda mbali mlio wa bunduki ulipopasua bonde. Haukuwa wa baba. Baada ya mlio ikasikika sauti ya mbwa, mara moja tu.

Sikio alikimbia na kufika wa kwanza. Vumbi alikuwa amelala ubavu, macho wazi, nyasi chini yake zimelowa damu. Hakuwa akipumua. Vidole vya Sikio vilifanya kazi kabla ya akili yake: vilichomoa kile kitambaa kwenye kengele na kukificha mfukoni. Mwashi akatokea upande wa pili, bunduki imeshuka, uso umempauka. Baba alipofika alipiga magoti, akamwinua mbwa wake, na kengele ikalia.

Mwashi alieleza. Alikuwa akikata njia kwenda kilima cha mbali, akapita bondeni kwa sababu alijua hakuna ndege na kwa hiyo hakuna mtu. Kwale mmoja akaruka chinichini mbele yake, naye akapiga. "Sikusikia kengele," alisema. "Haki ya Mungu, sikusikia kengele."

Baba alikuwa akitazama midomo yake. Aliitikisa kengele mbele ya uso wa rafiki yake, nayo ikalia vizuri sana. "Na hii ni nini?" akauliza. Tangu hapo hakuzungumza naye tena.

Walimzika Vumbi nyuma ya nyumba. Kengele baba aliitundika kwenye msumari ukutani, juu ya cherehani, iwe ukumbusho. Hakujua alichokifanya. Kila alipokanyaga mashine, ukuta ulitetemeka kidogo, na kengele ikatetemeka nao, ti-ti-ti, kama mbwa anayekuja taratibu kupitia nyasi. Baba hakuisikia. Mama alikuwa uani na vyombo vyake. Aliyeisikia ni Sikio peke yake, akiwa pale kwenye kigoda, chai ikimpoa mkononi, na mara nyingi alijikuta akitazama mlangoni kuona kama kuna anayeingia.

Alianza kuondoka nyumbani mapema. Haikusaidia kitu. Darasani mwalimu alipoandika ubaoni, kengele ililia ndani ya chaki. Kisimani ililia ndani ya mnyororo wa ndoo. Jioni mashine ilipozimwa na kufunikwa, bado aliisikia ikipita nyuma ya nyumba, ikisimama karibu na ule udongo mpya, kisha ikirudi. Alijua ni kichwa chake tu. Kujua huko hakukuinyamazisha. Mama alipoona binti yake hagusi chakula, alisema ni majonzi na yatapita.

Mtaani mambo yalizidi kuwa mabaya. Watu walisema mwashi alimfuata fundi cherehani kwa tamaa ya kwale, akapiga bila kutazama, kisha akasingizia kengele. Na zile habari za bonde tupu? Wawindaji walijibizana kwamba ndege wana mabawa, huenda walihamia usiku, wakaishia hapo. Mwenye nyumba mmoja akamwachisha mwashi kazi katikati ya ukuta, akisema mtu asiyeangalia anapopiga bunduki hawezi kuangalia kama tofali limenyooka. Watu wakacheka. Sikio alimwona mwashi akirudi nyumbani mchana, ndoo ya vifaa mkononi, akitembea pembeni kabisa mwa barabara.

Siku moja mwashi huyo alikuja kubisha mlangoni kwao. "Hodi," alisema. Akarudia, polepole zaidi. Cherehani ilikuwa ikienda, kengele ikitetemeka msumarini. Baba aliona kichwa cha Sikio kimegeuka.

"Kuna mtu?"

"Hakuna, baba," akasema Sikio, na akazisikia hatua za mwashi zikiondoka, hatua kwa hatua, mpaka zikaisha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ilipofika Ijumaa, Sikio alijiona kama mgonjwa kweli. Mle dukani watu walijaa, hakuna aliyetania. Hukumu iliyotajwa ilikuwa moja: mwashi arudishe kibali chake na asiwinde nao tena. Kwanza alipewa kiti. Alijitazama kiooni na kusema maneno yaleyale, kwamba alidhani bonde ni tupu, kwamba alikosea kumpiga ndege aliyeruka chini, usawa wa mbwa, lakini kengele hakuisikia.

Bibi Nesi aliandika maneno hayo kwa chaki kwenye sakafu ili fundi cherehani ayasome. Baba akayarudia kama sheria ilivyotaka, na mwashi akakubali kwamba ndivyo. Kisha baba akasema, "Sasa napinga. Mimi sikuisikia, maana mimi sisikii. Lakini binti yangu aliisikia. Nilimwuliza, akaniambia. Masikio yake ndiyo yangu."

Watu wote wakamgeukia Sikio. Mle ndani kulikuwa na kioo mbele na kioo nyuma, kwa hiyo walimgeukia mara nyingi, safu baada ya safu, na katika kila safu baba yake alikuwa amesimama akimtazama kwa imani ileile. Tena kengele ilikuwa ikilia. Aliisikia wazi, ingawa ilikuwa nyumbani msumarini na cherehani imefunikwa.

Mwashi aliinuka kumpisha. Sikio akakaa. Alitoa mfukoni kipande cha kitambaa cha buluu, akakiweka mahali kinyozi anapoweka mikasi, ili kila mtu akione.

"Mjomba anasema kweli," akasema. "Kengele haikulia. Niliiziba kwa hiki, ili yeye asitusikie. Na bondeni kwale walikuwepo tangu mwanzo. Baba aliniambia niseme, nikasema hakuna." Alipumua. "Baba aliniuliza kama naisikia. Nikamwambia naisikia."

Kisha, kwa kuwa baba alikuwa bado akiangalia midomo ya watu bila kuelewa kilichowapata, Sikio alikizungusha kile kiti, akamtazama, na kusema yote upya, taratibu, midomo ikiumba kila neno. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Aliona tabasamu likimtoka baba yake kidogo kidogo, kisha uso ukabaki mtupu. Machozi yakamtoka Sikio, wala hakuyafuta.

Baba alikitazama kile kitambaa cha buluu. Mwishowe alikwenda kwa mwashi, akamshika mikono yote miwili na kumwomba radhi mbele ya watu. Mwashi alimpiga begani mara kadhaa. Baada ya hapo baba akarudi kwenye kiti alichokalia Sikio.

"Mbwa nimempoteza," alimwambia binti yake. "Sitaki kupoteza na masikio. Usinifanyie hivyo tena."

Bibi Nesi alifuta sakafu kwa kiatu chake, akaanza kugawa haki bila kumpunguzia mtu. Mwashi aliambiwa kwamba kumwahi mwenzio mahali alipokuonyesha si wizi, lakini si uungwana pia, na kwamba siku zilizobaki za msimu huu atatembea bila bunduki kwa kupiga ndege anayeruka chini. Yule mwenye nyumba, ambaye naye alikuwa mwindaji na sasa alikuwa akitazama viatu vyake, aliambiwa amwite mwashi kesho amalizie ukuta. Halafu bibi akamgeukia Sikio.

"Mjukuu wangu, mwindaji akisema hapa hakuna kitu, mwenzake anaweka mguu juu ya neno hilo kama anavyoweka juu ya jiwe. Jiwe lako lilikuwa la uongo, na aliyeanguka hakuwa hata na neno katika ugomvi wenu. Ulikuwa na kinyongo na mjomba wako? Kiti hiki kipo kwa ajili hiyo. Ungekaa, ungesema, naye angeyarudia maneno yako mpaka yamwingie. Ukweli ungemchoma sikio tu. Ulichokificha kimeua."

Sikio alisema amesikia. Alimwendea mwashi, akamwomba msamaha kwa yale ya bondeni na kwa ile hodi. Mwashi hakuwa amejua kwamba siku ile hodi yake ilisikika. Alimwambia kwamba na yeye alistahili kuambiwa lile la kwale mapema, na kwamba yamekwisha.

Ijumaa iliyofuata baba aliingia kwa kinyozi na kengele mfukoni. Aliifunga kwa waya chini ya kile kiti, ili mtu yeyote akikaa kutoa habari, ilie. Wa kwanza kukaa alikuwa Sikio. Kengele ililia chini yake, nayo ilikuwa ikilia kweli, kila mtu aliisikia. Hata baba, aliyekuwa ameweka kiganja juu ya mgongo wa kiti, aliitikia kwa kichwa, maana ilimfikia mkononi.

Sikio akajitazama kiooni. "Bonde la nyuma kuna kwale wengi," akasema. "Upande wa chini wana viota, tusikanyage. Kesho mimi na baba tutakuwa upande wa juu, hatuna mbwa, kwa hiyo tutakuwa tukiitana kwa sauti."

"Rudia," akasema Bibi Nesi, akimtazama mwashi.

Mwashi akarudia neno kwa neno, na Sikio akakubali kwamba ndivyo alivyosema.