Daktari wa Meno Asiyetazama Meno

Haya nilisimuliwa na mama mzazi wa Nyuki, mwaka ule tuliolazwa wodi moja, yeye mguu, mimi presha. Nyuki si jina lake. Ndivyo walivyomwita kazini, huko kwenye ujasusi.

Pikipiki ya Nyuki, Honda, ilikuwa inanguruma.

Mbele yake, gari jeupe lililoandikwa TUNAPIMA MENO YA WATOTO BURE lilikata kona ya kiwanda cha sabuni, likashika barabara ya uwanja wa ndege.

"Nyuki, unamwona?" Mkuu aliuliza kwenye redio.

"Namwona."

"Usipige risasi. Lile boksi nalitaka zima."

Ndani ya boksi la barafu mlikuwa na mate ya watoto. Daktari aliyekuwa akiendesha gari hilo alikuwa akizunguka chekechea za mji, anamwambia mtoto aseme aaa, anapitisha pamba shavuni, anaaga. Ila tamaa ilimponza. Akapitisha pamba hata kwa vichanga.

Mama yake Nyuki, aliyekuwa akimlea mjukuu, aliposikia hayo alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Mwanangu, huyu bwana anatafuta jino gani kwa mtoto anayenyonya?"

Nyuki hakucheka. Mate yana vinasaba, yaani kile mtoto alichorithi kwa wazazi. Kampuni ya ng'ambo iliyomtuma daktari ilitaka kujua ubongo wa nani utakua vipi, na nani yuko hatarini kuugua akili ukubwani, iwauzie siri hiyo waajiri na watu wa bima. Mtoto angenyimwa kazi kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Nyuki akavuta mafuta.

Akalipita gari, akaigeuza Honda katikati ya njia.

Breki zikalia. Bastola yake, Beretta, ikagonga kioo.

"Shuka."

Daktari alishuka mikono juu, mtanashati, ananukia. "Dada, taratibu. Mimi ni mtu wa meno."

"Meno yako ndiyo yatakayohitaji daktari. Boksi."

Akampa. Nyuki akamfunga pingu. Kazi ilikuwa imekwisha, angeweza kunyamaza. Lakini dada yake wa kuzaliwa naye alikuwa amefungiwa hospitali ya akili miaka nenda rudi, anazungumza na ukuta. Na Nyuki alikuwa na mtoto.

"Chekechea ya nyuma ya kituo cha mafuta," alisema polepole. "Mtoto wa kiume. Ana kovu kidevuni."

Daktari akamtazama. "Yule nimeshampima, majibu yametoka. Kwenu kuna mtu anaumwa akili?"

"Dada yangu."

"Basi hatari ameirithi."

Nyuki akamtolea macho.

"Usinitolee macho. Hatari si ugonjwa. Ubongo unajengwa miaka hii ya mwanzo. Mtoto akiwa na mtu wake, yuleyule kila siku, anambeba, analala bila woga, huenda asiugue maisha yake yote." Akaziangalia buti za Nyuki, vumbi, bastola. "Wewe huwa unashinda nyumbani?"

Nyuki akabonyeza redio.

"Boksi ninalo."

"Safi sana. Pumzika. Jioni nitakupigia, kuna safari ndefu."

Wenzake walipofika kumchukua daktari, Nyuki alivaa miwani yake myeusi, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Nyumbani alikuta mlango wazi. Mtoto yuko mapajani kwa bibi yake, anachezea kifungo cha gauni.

"Bibi, kuna mgeni. Mwambie avue viatu."

"Mgeni wapi, baba. Huyu si mama yako?"

Mtoto akamkagua juu mpaka chini. "Mama yuko kwenye simu."

Nyuki akavua buti. Akanyoosha mikono. Mtoto akajikunyata kifuani kwa bibi, akafumba macho kama wanavyofanya wakitaka mtu aondoke, na usingizi ukamchukua hapohapo. Bibi naye, kichwa ukutani, akaanza kusinzia.

Jua lilikuwa bado halijazama simu ilipolia.

"Ndiyo, Mkuu," bibi alimsikia akisema kwa sauti ya chini. "Nitakuja."

Kisha Nyuki akajilaza mkekani, mbali kidogo na mtoto, asije akamwamsha. Akalala.