Sista Aliyekwama Matopeni

Anselm Ngollo alikuwa mkulima wa tumbaku karibu na Goweko. Mwaka 1974 alihamia kijiji cha ujamaa na mkewe Pelagia na binti yao Josepha. Asubuhi walivuna majani ya tumbaku. Mchana walikaa wakiyafunga kwenye fito ili yakaushwe. Jioni Anselm alikwenda darasa la watu wazima. Alikuwa ameanza kusoma maneno mafupi.

Josepha alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku moja, wakiwa wanafunga majani, alisema, "Baba, nina jambo. Nataka kuwa sista."

Anselm aliacha kazi. "Sista? Hapana! Masista wanafungiwa ndani. Hawacheki. Hawarudi kwao. Nina mtoto mmoja tu. Nikifa, utanizika kwa barua?"

Josepha alilia. Tangu siku hiyo nyumba ilipoa. Josepha alikuwa akitenga chakula, kisha anaondoka bila kukaa nao. Pelagia alimsihi mumewe, lakini Anselm hakutaka hata kulizungumza jambo hilo.

Mwezi uliofuata mwalimu wa watu wazima aliugua. Sista Leokadia alikuja kutoka Tabora kushika nafasi yake. Alileta picha za kuchekesha alizochapa parokiani. Chini ya kila picha kulikuwa na maneno machache.

Anselm alitazama karatasi yake. Sista mnene alikuwa amekwama matopeni na baiskeli. Shela lilikuwa limemwangukia puani. Nyuma yake mbuzi alikuwa anatafuna katekisimu. Anselm alifuata maneno kwa kidole.

"Bwa-na... ni-me-ku-ba-li ku-ku-fu-a-ta. La-ki-ni... hu-ku... ma-to-pe-ni?"

Akasoma tena bila kukata. Kisha akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka.

"Nani amechora hii?"

"Mimi," alisema Sista Leokadia. "Na huyo aliyekwama ni mimi. Ilikuwa njia ya Sikonge, wakati wa mvua. Mbuzi alikula kurasa tatu."

"Kumbe masista mnacheka?"

"Tusipocheka tutaishije, watu ishirini, jiko moja?"

"Lakini sista, mambo ya Mungu yanafanyiwa mzaha?"

"Simchezei Mungu, baba. Najicheka mwenyewe. Watu wananiogopa kwa sababu ya nguo hizi. Wakicheka, wananiuliza maswali."

Darasa lilipokwisha, Anselm alibaki. Alikuwa na swali.

"Binti yangu anataka kuja kwenu. Ni mmoja tu. Mtamfungia?"

Sista akakaa naye kwenye benchi. "Wito haulazimishwi, baba. Kwanza atakuja atuone, nasi tumwone. Atasoma na kufanya kazi miaka kadhaa kabla ya kuweka nadhiri. Akiona si njia yake, atarudi nyumbani, na si aibu. Mwenzangu mmoja alirudi. Sasa ana watoto wanne, na bado ni rafiki yangu."

"Na mimi nikiugua?"

"Utatuandikia, naye ataomba ruhusa aje. Mimi nilimuuguza baba yangu mwezi mzima. Lakini sitakudanganya. Hatakuwa hapa kila siku. Utamkumbuka sana."

Hilo la mwisho ndilo lililomfanya Anselm amwamini.

Nyumbani alimkuta Josepha akichekecha unga. "Mwanangu, nilikukatalia kabla sijakuuliza. Nilikosea. Kwa nini unataka kuwa sista?"

Josepha aliweka chekeche chini. "Mama alipolazwa hospitali, sista mmoja alimwogesha kila asubuhi huku akimtania. Mama alicheka, ingawa alikuwa na maumivu. Nikasema moyoni, nataka kuwa hivyo."

Anselm hakujua habari hiyo. Walizungumza mpaka ugali ukapoa.

Sista Leokadia alipoondoka, alimwachia Anselm picha zake. Kila Jumapili baada ya sala Anselm aliwasomea wenzake. Wazazi wenye mabinti walicheka, kisha wakauliza maswali yale yale aliyouliza yeye. Sasa aliweza kuwajibu.

Tumbaku ilipokwisha kuuzwa, wote watatu walipanda treni hadi Tabora. Josepha alikaa na masista wiki moja, wazazi wake wakiwa kwa ndugu mjini. Akaamua kubaki. Siku ya kuagana, mama mkuu wa masista alimuuliza Anselm, "Baba, umekubali kwa moyo?"

"Nimekubali. Ila Noeli nitakuja kumwona. Mtanipa chakula?"

"Utapewa jembe kwanza, baba," alisema Josepha. "Shamba letu ni kubwa."

Masista wakacheka. Anselm alilisikia neno hilo, "letu". Akacheka nao, kisha akageuka pembeni, akafuta macho.